Mashine ya Upole

Mjane wa Mwalimu Kirui aliniita nyumbani kwake Silibwet wiki tatu baada ya mazishi, na hakuniita tulie. Aliniita nipige bei. Alitaka mtu wa kumwambia ukweli kuhusu vyombo vya marehemu kabla mabroka wa Bomet hawajafika kumwambia uongo, na mimi, baada ya miaka ishirini na zaidi ya kuuza redio na spika za mitumba pale Litein, nina sifa ya kutodanganywa. Sifa ya kutodanganya sijawahi kuwa nayo, lakini hiyo hakuiulizia. Alinimiminia chai, akaniwekea chapati mbili, kisha akanipeleka chumba cha nyuma ambako vitu vilikuwa vimepangwa kama mali ya mnada: spika nne, maikrofoni moja yenye kichwa kilichobonyea, nyaya za kutosha kufunga ng'ombe kumi, na chini ya blanketi la kijivu, kile kinanda. Nilihesabu vitufe vyake vya kuzungusha kwa mazoea tu. Arobaini na kimoja. Nikahesabu tena: arobaini na viwili, kwa sababu kimoja kimevunjika shina na mara ya kwanza jicho hukiruka. "Hicho Mwalimu alisema ni wewe tu unaweza kukiongelesha," mama akasema. "Kinaenda pesa ngapi?" Nikamwambia hakina soko. Ilikuwa kweli, na ni mara chache nimesema kweli kwa haraka vile. Kisha nikakaa juu ya spika moja na chai ikapoa mkononi, kwa sababu chini ya kinanda nilikuwa nimeona daftari.

Kinanda chenyewe ni sinthesaiza ya zamani, na haikuwa na kumbukumbu. Ukiizima, inasahau kila kitu. Kwa hiyo kila sauti tuliyoitengeneza, tuliandika daftarini kila kitufe kilisimama wapi, kama karani anavyoandika kilo. Mvua ya mabati, ukurasa wa kwanza. Uji unaochemka. Maziwa kwenye ndoo tupu, maziwa kwenye ndoo yenye povu. Mwandiko ni wangu, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, herufi kubwakubwa za mtu ambaye hajawahi kuandika barua ya kuomba msamaha. Nilifungua polepole kama mtu anayejua nyoka yuko upande gani wa kichaka. Ukurasa wa sauti ya mashine ulikuwepo. Mwalimu hakuuchana, wala mimi sikuuchana mwaka ule, na kwa sababu hiyo najua hakuna kati yetu anayeweza kudai kwamba hakujua.

Nilikutana na hicho kinanda kabla sijakutana na Mwalimu. Kanisa moja la upande wa Bomet lilikuwa limeletewa kontena la zawadi kutoka ng'ambo: viatu vya mguu mmoja mmoja, makoti ya baridi ambayo hata milima ya Mau haijawahi kuiona, na kinanda. Kiongozi wa kwaya akakigusa Jumapili katikati ya wimbo wa toba, kikatoa sauti ya choo cha kuvuta maji. Wazee wa kanisa wakakaa kikao wakaamua ama kimeharibika ama kina pepo, na vyote viwili ni sababu nzuri ya kuuza. Mimi nilikuwa uani nikichagua makoti. Nikawaambia nitakichukua pamoja na makoti, lakini pepo lazima apunguze bei. Mzee mmoja alicheka, na mzee akishacheka amekwisha. Kesho yake nilikiuza kwa Mwalimu Kirui, ambaye alikuwa ameacha kufundisha muziki shuleni na kufungua studio Litein, juu ya duka la dawa za mifugo. Siku ya tatu akaja kwenye kibanda changu akiwa na uso wa mtu aliyeuziwa ng'ombe tasa. "Chela, hii kitu haina piano ndani. Haina gita. Haina ngoma. Iko na nini?" Nikamwambia mali ikishauzwa hairudi, lakini naweza kuja kuangalia.

Nilipanda ngazi ile ya mbao yenye harufu ya dawa ya kupe. Chumba kilikuwa kimebandikwa trei za mayai ukutani, mia mbili na kumi na sita, na dirisha moja lilitazama uwanja wa soko. Ni kweli, ndani ya kinanda hakukuwa na ala hata moja. Kulikuwa na mlio mbichi wa aina nne na mvumo mmoja, shhhh, kama redio iliyopoteza stesheni, na vitufe vya kuukata, kuupinda na kuuchuja. Mwalimu alikiita kile kitufe kikubwa chujio, kwa sababu kilifanya kazi ile ile: unaweka kelele juu, chini inatoka kile unachotaka, na makapi yanabaki. Nikachukua ule mvumo, nikaupitisha kwenye chujio, nikaufanya uanguke kidogo kidogo. Mwalimu akainuka ghafla akaenda dirishani. Mahindi ya mkewe yalikuwa yameanikwa pembeni mwa uwanja, na alidhani mvua imeanza. Jua lilikuwa linawaka kama kawaida, mahindi makavu, na kuku wawili wakiyaiba. Alirudi akakaa. Hakunidai pesa tena. Alisema, "Kesho uje saa mbili."

Huo ndio mwaka ninaoweza kusema nilikuwa na kazi niliyoipenda, na kwa bei niliyolipia, nadhani mwaka mmoja ulitosha. Stesheni ya redio ya lugha yetu ilikuwa inatengeneza vichekesho na matangazo, na kila siku walihitaji ng'ombe, mvua, pikipiki inayokataa kuwaka, mlango wa jikoni. Watu huniuliza kwa nini hatukuchukua maikrofoni tukaenda kunasa ng'ombe wa kweli, na ng'ombe wamejaa. Tulijaribu. Tulienda kwa jirani na ile maikrofoni yetu moja, tukapata dakika sita za majirani wakiuliza tunafanya nini, mbwa mmoja, mtoto akilia anataka kuongea kwenye redio, na ng'ombe aliyezuia maziwa kwa sababu ya wageni. Tuliporudi kusikiliza, yale matone machache yalisikika kama mtu anayechana gazeti. "Umeona," Mwalimu akasema, "ukweli haujui kuongea kwa redio." Alisema akitafuna githeri, hata hakuliona ni neno kubwa. Mimi nililiona, nikaliweka mfukoni, na ninajuta kwamba lilinifaa.

Kulala sikulala Litein, kodi ilikuwa ya watu wenye mshahara. Nililala kwa Mama Moraa, kwenye laini za shamba la chai la kampuni, njia ya kwenda Kericho. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja kimoja kimeshikana kama meno, na yeye alikuwa na chumba cha tatu kutoka kwenye bomba la maji. Mkisii wa miaka arobaini hivi, mchunaji wa chai miaka kumi na tano, mtoto wake Moraa analelewa na nyanya huko nyumbani. Tulijuana kanisani, nilimuuzia koti moja kati ya yale, akaniambia nimemwibia, na tangu siku hiyo tukawa marafiki. Ilikuwa kinyume cha sheria za kampuni mimi kulala pale, kwa hiyo nyapara akipita nilikuwa dada yake, ingawa mimi nasema Kikipsigis na yeye hajui zaidi ya salamu ya "chamgei". Tulikula ugali na mboga ile ile ambayo yeye aliita chinsaga na mimi isakek. Yeye aliipika chungu vile ilivyo, mimi nilitaka maziwa ndani. "Nyinyi watu mnaogopa mboga," alikuwa akisema. "Mnaificha kwa maziwa kama deni." Tulipika zamu kwa zamu, na kila mmoja alikula ya mwenzake akilalamika, sahani ikaisha.

Mama Moraa alikuwa na masikio ambayo sijaona tena kwa binadamu. Pale kwenye mizani alisikia majani yakimwagwa guniani akajua yamechunwa asubuhi au mchana, laini au magumu, na wanawake wa laini walimpelekea mabishano yao yote kama kwa hakimu. Akiwa amekaa ndani alimtambua mtu kwa miguu yake kwenye kokoto. "Huyo ni Kwamboka, amebeba maji, ndoo moja, haijajaa." Nikachungulia, ni Kwamboka, ndoo moja, haijajaa. Kwa hiyo nikaanza kumletea sauti zangu. Nilizinasa kwenye kanda, tukaziweka kwenye redio yake ndogo baada ya chakula, na akawa mwalimu wangu mkali kuliko Mwalimu. "Hiyo maziwa ni ya ng'ombe gani? Haina povu." Nikarudi studio nikaweka povu. "Hiyo mvua inanyesha juu ya bati mpya. Bati yetu ni ya zamani, inakohoa." Nikarudi nikaifanya ikohoe. Sauti ya jogoo aliikataa mara nne. Siku aliyokubali uji wangu, aliinua kichwa kuelekea jiko ambalo halikuwa na moto, kisha akanipiga begani. Hakuna mteja aliyewahi kunilipa kiasi hicho.

Jumamosi nilienda naye shambani kumsaidia kujaza kikapu, kama walivyofanya watu wengi wa laini. Nilikuwa mchunaji mbaya, nilichuna nusu yake na kulalamika mara mbili yake, lakini nilisikiliza. Kila mchunaji ana mwendo wake, na wa Mama Moraa ulikuwa kama saa ya ukutani: tk-tk, tk-tk, mikono miwili juu ya meza ya majani, vile michai imekatwa ikawa sawa juu, mara saba, halafu mikono inaruka nyuma ya mabega, shwaa, ndani ya kikapu. Saba, shwaa. Saba, shwaa. Nilihesabu asubuhi nzima, nikahesabu tena mchana mgongo ukiwa unamuuma, ikabaki saba. Wengine walibadilika wakichoka. Yeye alikunja uso tu, mikono haikujua habari.

Kijana mmoja wa kampuni ya chai alikuja studio mwezi wa nne wa kazi yangu, shati jeupe, viatu vilivyopigwa brashi vikipanda ngazi yetu ya mbao. Kampuni inaleta mashine za kuchuna chai, akasema, na kutakuwa na tangazo kwenye redio na kwenye mikutano ya wafanyakazi. Maneno wanayo. Wanataka sauti ya mashine chini ya maneno. Alikuwa na kanda ya mashine yenyewe, imenaswa kwenye shamba lingine. Mwalimu akaiweka. Sijui nilinganishe na nini. Posho mill ya kusaga mahindi iliyomeza msumeno. Mama wa duka la chini alipiga dari kwa fimbo ya ufagio. Tuliizima.

"Hii mkiweka kwa redio watu watakimbia," kijana akasema.

"Si hiyo ndiyo sauti yake?" Mwalimu akauliza.

"Ni sauti yake. Lakini sio ujumbe wake. Tunataka ya upole. Isikike kama kazi. Kama kitu chenye kinasaidia mama."

Mwalimu alinitazama. Nakumbuka vizuri kwamba alinitazama, na kwamba kama ningekohoa tu angesema hapana, alikuwa mtu wa namna hiyo, mwepesi wa kurudi nyuma akipata mwenzake. Mimi nilikuwa tayari napiga bei. Nilimwambia kijana kwamba sauti iliyopo ni bei moja, sauti ya kutamani ni bei mbili, kwa sababu tunaanza bila kitu. Tukavutana, akatoka nje kupiga simu, akarudi akakubali, na nilijiona mjanja wa Litein nzima. Kabla hajaondoka nilimwomba aweke kanda ile tena, nisikie vizuri. Kwa hiyo niliisikia mara mbili. Nayaandika haya kwa sababu kwa miaka mingi nimejiambia kwamba mashine yenyewe sikuwa nimeiona. Ni kweli, sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeisikia.

Ilinichukua siku tatu. Mngurumo wa chini ulikuwa rahisi, kama paka aliyeshiba. Shida ilikuwa makali. Nilijaribu mkasi, nikajaribu cherehani, kila kitu kilisikika kama mtu anakushonea nguo. Kazi haikusikika. Siku ya tatu, Mwalimu akiwa amelala kitini, mikono yangu yenyewe ikaenda kwenye mwendo ilioujua. Tk-tk, tk-tk, mara saba, shwaa. Nikaupandisha juu ya ule mngurumo na vikakaa pamoja kama watu wa nyumba moja. Mwalimu akafungua macho akasema, "Hiyo mashine hata mimi ningeioa." Nikaandika ukurasa. Na hiyo ndiyo sauti pekee mwaka ule ambayo sikumpelekea Mama Moraa aipime. Nilijiambia ni siri ya mteja.

Mkutano ulifanyika uwanja wa mpira wa shambani, saa nne asubuhi, na nilikuwepo kwa sababu kazi ilisimama na laini zote zilikuwa pale. Pikapu yenye spika, meza, fomu za aina mbili. Yule kijana alieleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Fomu ya kwanza: unaondoka sasa kwa hiari, unapewa malipo ya miaka yako yote, unaanza maisha. Fomu ya pili: unabaki, unaendelea kuchuna kando ya mashine, na mbele ya safari itakuwa kama itakavyokuwa. Kila mtu alielewa swali lilikuwa moja tu: hii mashine ni kubwa kiasi gani. Ikiwa inameza shamba, chukua pesa uende. Ikiwa ni ya kusaidia tu, mjinga gani aache nyumba na kazi. Mashine haikuwepo tuione. Kulikuwa na picha yake, na picha haina ukubwa. Halafu wakaweka tangazo.

Wanawake hawakuitazama spika. Walimtazama Mama Moraa. Watu wengine wangeuliza maswali ya injini na bei ya mafuta. Hawa, waliozoea kupima kilo kwa masikio, waliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba mashine itajulikana kwa mlio wake. Alifumba macho, akatoa vidole viwili vya mkono wa kulia akavigonga juu ya paja. Tangazo likaisha, akaomba lirudiwe, kijana akarudia kwa furaha. Kisha akafungua macho na kunitafuta mimi kwenye umati, akanipata.

"Chela. Hii ni yenu?"

Alisema polepole tu, kama mtu anayeuliza kama chumvi ipo. Nikamjibu, "Hapana, hiyo ni ya kampuni." Kwa sheria ya mabroka sikudanganya: walikuwa wamelipa, ni mali yao. Akatikisa kichwa kukubali. Akawageukia wenzake.

"Saba, anatupa. Saba, anatupa," akasema. "Hiyo ni mtu mmoja. Hata haina haraka. Hiyo mashine ni mama kama mimi, tofauti ni haiumwi mgongo."

Wakacheka. Kwamboka akasema basi wataolewa pamoja na hiyo mashine, bwana mmoja. Wakapanga foleni ya fomu ya pili, karibu laini yote yetu, na yeye mbele. Kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata Mwalimu, na nakisema sasa kwa sababu sina wa kumficha tena. Kabla ya hofu, kabla ya aibu, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni nikiwa pale uwanjani kilikuwa fahari. Masikio bora kuliko yote niliyowahi kuyajua yamesikiliza kazi yangu mara mbili na kuipitisha. Jogoo wangu yalimkataa mara nne. Mashine ilipita mara ya kwanza.

Mashine zilikuja baada ya miezi mitano, kwenye lori, zimefunikwa turubai. Asubuhi ile sikwenda Litein. Nilisimama barabarani na wanawake, vikapu mgongoni, wakaambiwa wasubiri. Wanaume wawili wakashika mashine moja, mmoja kila upande wa meza ya chai, wa tatu nyuma na gunia, wakaivuta kamba. Mtu angezungumza asingesikika. Ilitembea juu ya michai kama wembe juu ya kichwa, na nyuma yake meza ilibaki imenyooka kama imepimwa kwa rula. Nilihesabu: sehemu ambayo kina mama kumi na wanane walikuwa wakimaliza kwa siku, iliisha kabla ya chai ya saa nne. Nikahesabu tena. Mama Moraa hakuwa ametazama mashine muda wote ule. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, na nikaona vidole vyake viwili juu ya paja vikitafuta mahali pa kugonga na kukosa.

Barua zilitoka mwezi uliofuata. Waliojaza fomu ya kwanza walikuwa wameondoka na malipo ya miaka yao, mmoja alikuwa tayari ana duka Chepseon. Hawa wa fomu ya pili walipewa mshahara wa mwezi mmoja na tarehe ya kurudisha ufunguo wa nyumba. Miaka kumi na tano, mwezi mmoja. Sikuhitaji kuhesabu hiyo mara mbili.

Siku ya kuhama nilimsaidia kufunga. Vitu vya chumba kimoja ni vichache hadi uvitoe nje, ndipo vinakuwa vingi na vya kusikitisha: sufuria tatu, kitanda cha chuma, redio, lile koti. Tulikuwa tumepiga magoti pande mbili za godoro, tukivuta kamba, na nikamwambia. Sikupanga. Nilisema, "Mama Moraa, ile sauti ya uwanjani niliitengeneza mimi."

Aliendelea kuvuta kamba. Akafunga fundo, akalijaribu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Na ule mwendo. Saba."

"Ni wako."

Alikaa chini kwenye sakafu ya simenti, mgongo ukiwa ukutani mahali palipokuwa pameegemezwa kitanda, ambapo rangi ilikuwa bado mpya. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ni kama bei ya kwanza, unajua utaanzia wapi. Lakini alipoongea aliongea kama mtu anayepanga mizigo.

"Umeambia nani?"

"Hakuna. Nataka kuwaambia sasa hivi, wote, wakiwa hapo nje."

"Usiwaambie."

"Mama Moraa, wanafaa kujua ni mimi."

"Wewe ulikuwa unalala wapi, Chela? Ulikuwa unakula kwa nani?" Hakupandisha sauti. "Ukiwaambia ni wewe, watasema ni mimi na wewe. Watasema tulilipwa pamoja, ndio maana nilisimama mbele. Nitarudi nyumbani mwizi. Kijiji yetu ni moja na ya Kwamboka. Moraa anasoma na watoto wake." Akainuka, akashika upande wake wa godoro. "Wewe hiyo kitu utabaki nayo. Shika huko."

Nimepatana bei na watu wa kila aina, na sijawahi kukutana na mtu aliyefunga biashara namna ile. Nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu, na alinirudishia, ukiwa umefungwa vizuri, kwa sababu zake zilizokuwa sahihi zote. Mwalimu nilimwambia wiki ile kwamba siendi tena. Hakuuliza kwa nini. Alinipa mgao wangu wa tangazo kwenye bahasha, nami, kwa kuwa nataka kusema yote, niliuchukua. Ndio ulioanzisha duka langu la Litein.

Siku ile ile ya kuhama, lori la kwenda Kisii lilisimama barabarani, wanawake wakaanza kupakia. Nilikuwa nimebeba godoro kichwani, Mama Moraa mbele yangu na sufuria. Kwamboka alikuwa tayari juu ya lori, akipokea vitu. Hakulipokea godoro la Mama Moraa.

"Si ni wewe ulitwambia?" akasema kutoka juu. Wengine wakageuka kumtazama. "Si ulisimama hapo ukatwambia hiyo mashine ni mtu mmoja? Miaka yangu kumi na moja, nimeiacha kwa meza kwa sababu ya mdomo yako."

"Ni mimi nilisema," Mama Moraa akajibu.

"Sasa hiyo mtu mmoja iko wapi? Tuonyeshe."

Nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Godoro lilinifunika hadi machoni, sikuona uso wake, niliona kisigino na upindo wa leso. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu. Naye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, yenye kufika kwa kila mtu:

"Nilisikia vibaya."

"Wewe?" Kwamboka akauliza. "Na hiyo masikio?"

"Masikio inazeeka, dada yangu. Nilisikia vibaya."

Kwamboka akasonya, akaenda kukaa. Mama Moraa akapanda mwenyewe, akageuka, akanyoosha mikono, nikampandishia godoro. Alilipokea kama mtu anavyopokea mzigo kwa mpagazi, akiangalia kamba. Walikuwa kumi na wanne nyuma ya lori lile. Kumi na watatu walikaa upande wa kushoto, wamebanana juu ya mizigo, magoti ya huyu kwenye mbavu za yule. Upande wa kulia alikaa Mama Moraa na godoro lake, na nafasi ya watu wanne. Lori likapanda kilima kuelekea Sotik, nikalitazama hadi kona, na hakuna aliyehamia upande wake.